Ati homa ni faranga?? Huyu jamaa wa duka la dawa Mwanga kanivua nguo leo

Wakuu sina salamu ndefu, naandika huku vidole vinatetemeka. Yule jamaa wa duka la dawa pale Mwanga, hapa Kigoma, mnamjua, simtaji, leo kanimaliza mbele ya foleni nzima.

Nimempeleka mtoto wa dada ana joto joto, jamaa kamuweka kipimajoto kwapani, kikalia piii, akapiga ukelele DIGRII MIA NA NUKTA NNE, HUYU MTOTO ANACHEMKA!! Dada akaanza kulia hapo hapo. Nikachungulia naona F imekaa pembeni kubwa kama bango la uchaguzi, nikamwambia kistaarabu tu kaka hiyo ni Farenhaiti, toa 32, zidisha 5, gawa kwa 9, unapata 38, homa anayo ndio ila kuchemka bado sana, maji yenyewe kwa kipimo hicho yanachemka 212.

Ananijibuje?

"Kwani homa ni faranga unataka kuichenji? Nenda Kibirizi."

Kibirizi, kule kwenye boti za Kongo na Burundi, ndio nikachenji homa! Foleni ikafa. Kuna bibi hana hata jino moja ndio alicheka kuliko wote. Dada naye kacheka, machozi ya mtoto hayajakauka! Homa ni faranga. Mimi! Mtu anauza dawa na hajui 98.6 yake ndio 37 yetu, ila kuchekesha foleni anajua. Nenda Kibirizi!! Mods msifute huu uzi.

mgebuka_mkavu: Leo homa inaendaje mkuu, unanunua au unauza? 😂😂

mwana_ujiji: Nina 104 hapa nataka 40 zangu, nikukute Kibirizi upande gani

mtoa mada: Chekeni tu, siku yenu inakuja

binti_gungu: Mtoto anaendeleaje kwanza? Halafu we una nafuu, mi video ya Mmarekani ilisema oveni weka 350, ya kwangu inaishia 250 nikazungusha mpaka mwisho, keki ya besdei ikatoka mkaa. Kumbe ni kama 177 tu. Wageni wakala soda

mzee_wa_reli: Hiyo Selsiasi mnayoringia, Celsius mwenyewe mwaka 1742 aliweka 0 kwenye kuchemka na 100 kwenye barafu, wakaja kuigeuza baadaye. Na hapa Kigoma tuko juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye 97 hivi, mia hayafiki. Wote waongo

mgebuka_mkavu: Mzee nani kakuuliza

mama_dagaa: Wewe si umeambiwa uende kuchenji, mimi chenji yangu kabisa huyo huyo kanigomea. Nimempa elfu kumi, dawa elfu tisa na mia tano, kanirudishia pipi

mwana_ujiji: Pipi una bahati, mi alinipa plasta na kidonda sina

binti_gungu: 😂😂 na ukimrudishia hizo pipi ununulie dawa hapokei

mtoa mada: Jamani turudi kwenye mada

mama_dagaa: Mada ni mia tano yangu