Mrejesho: Mikono iliyokuwa inaniwasha usiku

Wakuu, niliuliza kuhusu mikono kuwasha usiku, hasa katikati ya vidole. Wengi mlisema sabuni ya unga. Wengine eti pesa inakuja (bado naisubiri). Daktari kakuta ni upele, ule wa vijidudu vinavyochimba ngozi. Tumepewa dawa ya kupaka kuanzia shingoni hadi nyayoni, nyumba nzima siku moja, hata asiyewashwa, na mashuka tukafua kwa maji moto. Mwasho bado upo kidogo. Alisema unaweza kuendelea wiki kadhaa hata vijidudu vikishakufa. Aliniuliza pia kama macho yamekuwa ya njano au mkojo mweusi, maana viganja kuwasha bila vipele huenda ni ini. Mjamzito akiwashwa viganja na nyayo asisubiri, awahi kliniki.