Mrejesho: Lifti kwa dereva usiyemjua

Niliuliza namna ya kumpima dereva nisiyemjua kabla ya kupanda lifti. Asanteni sana, ushauri wenu umefanya kazi. Ulionisaidia zaidi: muulize kwanza anaelekea wapi, kabla hujataja uendako. Akijibu "popote utakapo", mwache aende zake. Piga picha namba ya gari waziwazi, umtumie ndugu. Mwenye nia njema haoni shida. Kaa mbele, maana milango ya nyuma huwa na loki ya watoto na ikifungwa haifunguki kwa ndani. Begi lipakate, likiwa kwenye buti, huwezi kushuka ukaondoka bila yeye kukufungulia. Naye ana hofu, jamani: vua kofia na miwani ya jua, mikono ionekane. Usiku nimeacha kabisa, uso wala namba havisomeki.