Miaka 70 ya Mama: pizza Jumamosi (kikundi cha familia)

JUMATANO

Dada Rehema 18:07
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Jamani Jumamosi ndo hiyo imefika, Mama anatimiza 70 na mpaka sasa walionijibu ni wawili tu, Naomi na wifi Zuhura, wengine naona mmesoma mmekaa kimya. Humu Mama hayumo, kikundi ni cha jambo hili moja, naomba tusilete vichekesho. Alichosema mwenyewe kwa mdomo wake ni pizza na mvinyo glasi moja. Hataki pilau, hataki ukumbi, hataki emsii. Leteni mapendekezo mpaka saa 3 usiku

Dada Rehema 21:15
Saa 3 imepita

Eliya 21:16
Shikamoo dada. Mi napendekeza Forodhani, Zanzibar pizza, tunavuka na boti ya asubuhi

Dada Rehema 21:16
Eliya nimesema nini

Eliya 21:17
Si pizza hiyo? Jina lake kabisa

Naomi 21:19
Ile ni chapati imekunjiwa nyama ya kusaga na yai 😂 tamu ila sio anayoitaka Mama. Mama anataka ile mikate ya masista wa misheni, ya nyanya na jibini, anaisema kila Krismasi

Eliya 21:20
Ina nyama ina yai ina kitunguu ina jibini la pembetatu, ukitaka wanakuwekea ndizi na Nutella. Oysterbay nani atakupa ndizi

Dani Nungwi 21:34
Nani kataja pizza bila kuniita

Eliya 21:34
Fundi kaingia 🙌🙌

Dada Rehema 21:36
Dani afadhali wewe. Nina sehemu mbili kichwani, Zuane ya Oysterbay ina bustani Mama atakaa nje apate hewa, au Mediterraneo kule Kawe ufukweni. Wewe unayezipika kila siku tuambie tuangalie nini, mana mwaka jana tulidanganywa na picha

Dani Nungwi 21:52
Sikieni, nipo zamu ila naandika haraka haraka. Kitu cha kwanza sio nyama za juu ni unga. Unga wa pizza ni ngano maji chumvi na hamira kidogo sana basi, halafu unalala kwenye friji usiku mzima, sisi hapa tunaulaza saa 24, ndo unapata ule ukingo mwepesi wenye mashimo ndani na tumbo halijai gesi. Wakikuumulia unga saa moja wakakupa, ukingo huo huupati. Cha pili oveni. Ulizeni ni ya kuni au ya umeme. Ya kuni inafika nyuzi 450 hivi, pizza inaiva dakika moja na nusu, nje inababuka ndani inabaki laini. Oveni ndogo za nyuzi 250 inakaa dakika kumi inakauka inakuwa biskuti. Mkiletewa inueni kipande mtazame chini, mkiona madoa meusi meusi kama ya chapati iliyoshika tawa vizuri hapo kuleni kwa amani, ikiwa nyeupe kama karatasi hiyo ni oveni haijapata moto. Cha tatu agizeni kwanza Margherita, nyanya jibini na rihani tu. Mpishi hawezi kujificha kwenye Margherita. Hii kazi msiione ndogo, ya Wanapoli wa Italia imeingizwa kwenye urithi wa utamaduni wa dunia wa UNESCO mwaka 2017, yani kule kurusha unga tu

Eliya 21:53
Kwahiyo Dani wewe ni urithi wa dunia

Dani Nungwi 21:53
Mimi ni wa Dodoma ila ndio

Naomi 21:58
Na jibini? Mana kuna sehemu nilikula jibini ikawa inavutika kama mpira wa kandambili

Dani Nungwi 22:03
Hiyo ni ile ya bei rahisi imechanganywa mafuta. Wengi wenye akili wanatumia mozzarella ya Njombe, inatengenezwa hapahapa nchini kwa maziwa ya ng'ombe wa kule, fresh, ikiyeyuka inatoa maji ya maziwa kidogo. Ulizeni msione aibu, mwenye mgahawa mzuri anapenda kuulizwa. Na fikeni mapema, saa 12 jioni, saa 3 Jumamosi oveni imeshalemewa. Na msichukue ya kubeba, ndani ya boksi inajipika na mvuke wake inalowa

Dada Rehema 22:05
Asante Dani. Umeona Eliya, mtu akiulizwa swali anajibu swali

Eliya 22:06
🙏 ila swala la ndizi halijajibiwa

ALHAMISI

Wifi Zuhura 06:48
Asalaam aleikum, habari za asubuhi. Wifi mimi na watoto tutakuja inshallah, Mama ni mama yetu. Ila naomba tuwaulize kuhusu nguruwe, sio kwenye pizza yangu tu, ule ubao wa kukatia na kile kisu cha gurudumu kama ndo hicho hicho kimetoka kukata salami. Mvinyo wekeni tu mezani sina neno, kila mtu na glasi yake

Dada Rehema 07:02
Waaleikum salaam wifi yangu. Umesema vizuri mno, nitauliza zote mbili leo. Na kuna juisi ya zabibu, nitaagiza na yenyewe ili nawe glasi yako iwe nyekundu kama ya Mama

Wifi Zuhura 07:03
❤️ Mama atacheka

Naomi 08:40
Mvinyo sasa. Jamani tusirudie kununua ule wa glasi wa chupa iliyofunguliwa wiki iliyopita. Ulishaanza kuwa siki, Mama akanywa kwa heshima mpaka mwisho mi nikamuona. Ukiagiza wa glasi uliza chupa imefunguliwa lini, kama ni juzi acha, au tununue chupa nzima ifunguliwe mezani tukiona. Na kwa pizza ya nyanya tuchukue mwekundu mkavu, nyanya ina uchachu wake, ukiweka mtamu kila kitu kinakuwa kama sharubati

Mjomba Stesheni 08:55
Dompo

Naomi 08:57
Shikamoo mjomba. Dompo ni mvinyo mtamu na mkali, hiyo tuiweke ya mwisho na keki

Mjomba Stesheni 08:57
Dompo

Eliya 08:58
Mjomba kapiga kura mara mbili hiyo 😂😂

Naomi 09:04
Mi nasema wa Dodoma huohuo lakini mkavu, ile zabibu ya Makutupora. Kwanini tulipe wa kutoka Afrika Kusini bei mara mbili wakati Mama amezaliwa kwenye zabibu. Kule wanavuna mara mbili kwa mwaka, Februari Machi na tena Agosti Septemba, Ulaya mara moja tu. Halafu tumwambie mhudumu aiweke kwenye friji nusu saa hata kama ni nyekundu, Dar hii ukiuacha mezani unakuwa vuguvugu kama chai, wanaosema mwekundu haupozwi wana baridi ya kwao

Dada Rehema 09:10
Nakubali. Sasa hela. Tuko watu wazima tisa na watoto watano. Nimepiga hesabu kila nyumba itoe 80,000, Eliya 40,000. Mama halipi, Baba Mkubwa akija halipi. Tumeni kwangu mpaka Ijumaa saa 6 mchana

Dada Rehema 13:30
Nimepokea ya Naomi. Asante Naomi

Dada Rehema 17:45
Nimepokea ya mjomba, imeandikwa "Dompo". Asante mjomba

Dada Rehema 20:20
Kaka Yohana unasoma? Naona umesoma tangu jana

Kaka Yohana 22:51
Habari zenu. Nilikuwa safari Moro mtandao unasumbua. Mi sina shida na pizza ila kwanini tusifanye nyumbani kwangu Mbezi, uwanja upo, mnachoma kuku, mnanunua hizo pizza mnaleta. Hizo hoteli za wazungu mnalipia viti

Dada Rehema 22:53
Mama amesema anataka kukaa aletewe. Maisha yake yote yeye ndo anasimama watu wanakaa. Hilo tu ndo ameomba

Dada Rehema 22:53
Na kaka usiniambie habari ya kulipia viti. Mwaka jana pale Masaki nani alilipia viti? Uliondoka kabla ya bili ukasema msibani, bili ikaja laki sita na themanini nikabaki mimi na Naomi tunatazamana mbele ya Mama, na Mama akafungua kipochi chake. Alifungua kipochi Yohana

Eliya 22:54
Jamani tulale kesho kazini 😅

Kaka Yohana 22:58
Msiba ulikuwepo. Na ile bili chupa nne za mvinyo mlikunywa nyie, mi na mke wangu tulikunywa soda, nikaambiwa tugawane sawa. Hilo huwa hulisemi

Wifi Zuhura 22:59
Baba Amina tuachane na haya

Dada Rehema 23:01
Haya kwenye soda una haki, hilo nalikubali nilikosea, safari hii mvinyo unalipwa na wanaokunywa. Ila wewe ni mtu wa kuondoka kabla ya bili, hata ile mistari sita ya zabibu kule Hombolo uliuza ukaondoka hivyohivyo, tukasikia kwa watu

Kaka Yohana 23:06
Rehema

Kaka Yohana 23:09
Hela ya ile mistari unajua ilikwenda wapi. Ulikuwa umekaa upande wa pili wa kitanda cha Baba

*Ujumbe huu umefutwa*

*Ujumbe huu umefutwa*

IJUMAA

Mjomba Stesheni 05:30
Asubuhi njema. Bwana awabariki 🌅🌹

Naomi 07:15
Nimeulizia zile sehemu mbili kwa simu. Tukibeba chupa yetu kuna hela ya kuifungulia, inahesabiwa kwa chupa. Bei kamili watanijibu

Eliya 07:31
Mi nimetuma 25 dada, 15 mwisho wa mwezi, usiniandike ubaoni

Baba Mkubwa 09:12
Wanangu. Anaandika Jeni, babu anasema mimi naandika.

Mmeamkaje. Nimesomewa yote tangu Jumatano, na ya usiku pia. Nakuja kesho na treni ya asubuhi, tiketi Jeni ameshanikatia. Nakuja na chupa tatu. Ni za msimu wa Agosti, zimekamuliwa hapahapa kijijini, ni mkavu kama anavyoutaka Naomi.

Zabibu zake zimetoka kwenye ile mistari sita. Haijang'olewa. Aliyeinunua alitaka kuikata viwanja, nikamfuata nikairudisha kwa ng'ombe watano, mwaka juzi. Sikuwatangazia kwa sababu hakuna aliyeuliza. Kila mmoja wenu alikuja hapa kwenye matanga akapita njia ya barabarani, hakuna aliyeteremka shambani.

Yohana aliuza kwa sababu mdogo wangu alikuwa anakufa. Mimi ndiye niliyemwambia auze. Rehema hilo ulikuwa hulijui, sasa umelijua.

Kesho nataka kuwaona wote mezani. Asipokuwepo mmoja chupa zitarudi Hombolo zimefungwa.

Babu amemaliza.

Naomi 09:40
Shikamoo Baba Mkubwa

Wifi Zuhura 09:44
Shikamoo baba. Tumekusikia

Dani Nungwi 10:02
Shikamoo baba. Hata mimi hukuniambia

Baba Mkubwa 10:05
Nawe hukuuliza. (Jeni)

Eliya 10:20
Shikamoo Baba Mkubwa

Mjomba Stesheni 10:31
🙏

Dada Rehema 12:48
Shikamoo Baba Mkubwa. Nimechelewa kujibu nilikuwa najaribu kuandika nafuta. Nimekosa maneno. Kaka Yohana nimekupigia mara tatu

Dada Rehema 14:10
Basi niendelee na mipango. Nimechagua Oysterbay kwa sababu ya bustani, miguu ya Mama ikivimba atasogezewa kiti cha pili, na watoto watakimbia. Meza ya watu 16, saa 12 jioni, nimesema jina langu. Nimeongea nao kuhusu ubao wa kukatia wifi, wameniambia tukifika tuonane na mpishi mwenyewe, ukimwona hujaridhika tunahamia Kawe palepale bila ugomvi, nimeshawaandaa kichwani. Oveni nilisahau kuuliza. Dani usinigombeze

Dani Nungwi 14:26
Mtatazama chini ya kipande

Dani Nungwi 14:27
Mi nimeomba ruhusa, wakinikubalia navuka na boti ya saa 9.30

Naomi 15:03
Kuhusu hela ya kufungulia chupa, za Baba Mkubwa tatu tutazilipia mi na Rehema. Na Dompo ya mjomba ya nne

Mjomba Stesheni 15:03
👏👏👏

Eliya 15:10
Kwahiyo ikiwa Dompo imekubaliwa, ndizi je

Naomi 15:10
Eliya

Kaka Yohana 18:36
Shikamoo Baba Mkubwa

Baba Mkubwa 18:39
Marahaba mwanangu. (Jeni)

Dada Rehema 18:40
Kaka

Dada Rehema 18:52
Kaka unakuja kesho? Zuhura?

Wifi Zuhura 19:15
Wifi, ametoka nje amekaa kwenye gari tangu saa 12. Simu anayo. Mi na watoto nguo nimeshapiga pasi

Dada Rehema 19:17
Mwache akae

Dada Rehema 20:44
Limebaki nani anampokea Baba Mkubwa stesheni ya SGR. Amebeba chupa asipande bajaji. Mi nampeleka Mama kusuka asubuhi hiyohiyo ili asigundue

Eliya 20:50
Mi sina gari ila naweza kubeba chupa

Naomi 20:58
Nina zamu mpaka saa 8

Dada Rehema 21:30
Nani anampokea

Kaka Yohana 21:47
Treni inaingia saa ngapi