Naomba ushauri: nimuulizeje mwandishi kuhusu kile ambacho kitabu chake kimemgharimu kwa ndugu zake?

Habari zenu, wapenzi wa vitabu. Nimeombwa kuongoza mazungumzo ya waandishi wawili kuhusu vitabu vyao vipya. Wa riwaya hanipi shida. Wa pili ameandika kumbukumbu za familia yake, na baadhi ya ndugu zake hawasemi naye tena. Nimekisoma kitabu mara mbili, nikaandika maswali na kuyafuta; yote yanasikika kama ya polisi. Mwandishi wa riwaya Salman Rushdie alichomwa kisu jukwaani mwaka 2022 na mwaka 2024 akalitolea kitabu tukio hilo, lakini yeye aliamua mwenyewe kulisimulia; mimi sitaki kumlazimisha mgeni wangu. Je, nimtumie huyu wa kumbukumbu maswali mapema? Na nikianza na chimbuko la kitabu, niingieje kwenye suala la ndugu bila kumuumiza mbele ya watu?