Nyaya za ardhini kwenye 4nec2 (programu ya kuigiza antena) mbona hazibadilishi kitu?

waya_jinja: Wakubwa habari, nimechora antena ya wima ya mita 10 kwa bendi ya mita 40, nimetoka nyaya 4 hadi 16 na bado inasoma ukinzani wa omu 36 tu, nakosea wapi?

fundi_mbarara: Ssebo hapo umeiwekea ardhi kamilifu isiyopoteza nguvu, chagua Sommerfeld (ardhi halisi), alafu NEC-2, injini ya hesabu ya 4nec2, haijui waya uliofukiwa kwahiyo inua nyaya kama sentimita 5 hivi.

waya_jinja: Sasa 4 zinapandisha omu, 16 zinashusha!

fundi_mbarara: Ndio hivyo. Hata ukipima nje ukapata omu 50 usifurahie, hizo za ziada juu ya 36 zinapasha udongo joto, na murram kavu inakula nguvu sana kuliko bondeni kwenye majimaji.