Ukoo Wetu Dodoma 🌳

Shangazi Rehema, 2:10 asubuhi
Mbukwenyi, hamjambo wote. Mvua ya juzi imeamsha vile vitunguu pori vya ua jekundu. Ua linatangulia, jani baadaye, na wiki mbili halifikishi. Jumamosi tunatembea Ntyuka. Nani yumo?

Shangazi Rehema, 3:25
Tiki za bluu naziona jamani.

Kelvin, 4:02
Shangazi tumekuwa watalii? 😂

Shangazi Rehema, 4:05
Saa 10 jioni tunaanza njia ya chini. Mipingo imechanua, vimaua vyeupe vidogo vidogo. Msitikise matawi, kuna nyuki na miiba. Kitunguu pori hakuna kung'oa, ni sumu. Saa 12 na nusu tuwe mbuyuni. Tafuteni tumba lililovimba likaanza kupasuka nchani, giza likiingia linafunguka mnaliona. Petali tano nyeupe zinapinda nyuma, unabaki mpira wa nyuzi za chavua.

Mama Neema, 4:40
Asubuhi si afadhali, kuna watoto?

Shangazi Rehema, 4:41
Asubuhi limeshanywea, linageuka kahawia. Lile ni la usiku, linasubiri popo.

Kelvin, 4:44
Na linanuka kama soksi za Baba Neema

Juma, 4:44
😂😂😂

Baba Neema, 4:50
Huyu mtoto atakuja kuomba nauli kwangu.

Shangazi Rehema, 4:52
Nauli ndiyo hoja. Bajaji 2,000 kila mtu, tumeni kwangu.

Mama Neema, 4:53
Wifi, rudisha kwanza hela ya safari ya Hombolo.

Shangazi Rehema, 4:55
Si leo, wifi.

Mama Neema, 4:55
Leo ndiyo.

Juma, 5:30
Tukate korongoni? Ni karibu.

Shangazi Rehema, 5:33
Wingu likitanda kilimani tunazunguka. Maji ya korongo yanakuja huku kwenu hata tone halijadondoka. Na pale kwenye ua wa minyaa msivunje kijiti, utomvu ukiingia jichoni ni kuosha kwa maji mengi na kwenda hospitali.

Babu, 11:15 jioni
Nimesoma. Mwaka jana maua ya mbuyu ule yaliangushwa kwa fimbo, watu wapige picha. Ua likianguka bichi, buyu la mwezi wa sita halipo. Mwenye fimbo yumo humu. Asikanyage mtu pale bila mimi.

Kelvin
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mama Neema, 11:40
Shikamoo Baba.

Shangazi Rehema, 12:05
Shikamoo Baba. Tumekusikia. Jumamosi utakuja nasi?

Juma, 3:48 usiku
Ndo naona sasa. Jumamosi hii au ile?

Shangazi Rehema, 3:50
Subirini Baba ajibu. Hela endeleeni kutuma.