MJADALA: Fundi mwenye leseni aruhusiwe kukata lakiri ya mita ya LUKU?

Mleta hoja:
Wadau, salaam. Mafundi na wenye nyumba, karibuni mnipinge.

Nyumba nyingi za hapa Tanzania, umeme unatoka nguzoni, unapita kwenye mita ya LUKU (ya kununua umeme kabla ya kuutumia), unaingia meni swichi, kisha unagawanywa kwenye breka za taa na soketi. Kuanzia meni swichi kuja ndani ni mali yako. Mita na waya wa nguzoni ni vya TANESCO, vimepigwa lakiri (seal), na kuichezea lakiri hiyo ni kosa kisheria.

Mzozo uko kwenye ule waya mfupi kati ya mita na meni swichi. Ukizima meni swichi, juu yake bado kuna volti 230. Swichi hiyo ikiungua, au ukitaka kuihamishia ukuta mwingine, unazimia wapi? Kwenye mita, palipo na lakiri. Kwa hiyo ama mwenye nyumba aripoti TANESCO na asubiri, ama fundi apige kazi umeme ukiwaka. Jumamosi jioni, friji imejaa samaki, sote tunajua kinachochaguliwa.

Mimi nasema lakiri ibaki ya TANESCO. Ila kila mita ifungiwe swichi ya kutenga, inayokata waya zote mbili, laivu na nyutro, kwa pamoja, nje ya lakiri, yenye tundu la kutia kufuli. Uingereza wana ugomvi huu huu: fyuzi kuu imepigwa lakiri na ni ya kampuni ya mtandao, mafundi wanaichomoa hivyo hivyo, na baadhi ya nyumba zimeshawekewa swichi ya namna hiyo baada ya mita.

Fundi wa Mbagala:
Kaka, umesahau njia ya tatu, tena ndiyo mbaya kuliko zote: kusubiri uniti ziishe. Mita ikijizima, fundi anaingiza mikono. Mama mwenye nyumba yuko sokoni, anapigiwa simu kwamba umeme umekata, ananunua LUKU kwa simu, anamtumia mtoto namba, mtoto anabonyeza kwenye rimoti ya mita sebuleni. Umeme umerudi na fundi yuko ukutani. Kuzima kwa mita si kutenga umeme. Kutenga ni kuzima, kupiga kufuli, ufunguo mfukoni mwako, kisha kupima kwa kifaa ulichokijaribu kwanza mahali penye umeme. Na si ile bisibisi ya testa. Ile inaweza kukaa kimya na waya una moto.

Mimi naunga mkono swichi. Lakiri sitaki kupewa hata kwa barua. Siku mita ikikutwa na hitilafu, wa kwanza kutajwa ni mimi.

Mstaafu wa laini:
Vijana, mnaongeza swichi, mnaongeza na maungio. Kila ungio ni sehemu ya kupata joto skrubu ikilegea. Meni swichi nyingi zilizoungua nilizokuta, tatizo halikuwa mzigo, ni skrubu ambayo haikukazwa. Sasa mnataka mbili badala ya moja, na mnajua swichi gani zitanunuliwa: za bei ya chini kabisa dukani.

Halafu vishoka, hawa mafundi wasio na leseni. Mkitoa ruhusa kwa wenye leseni, kesho kila kishoka atasema ana leseni, na mwenye nyumba haulizi.

Mleta hoja:
Mzee wangu, shikamoo. La skrubu sina jibu zaidi ya kwamba ikaguliwe siku ileile mita inapofungwa, maana mtu wa TANESCO yupo pale tayari. La vishoka naona linanisaidia mimi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatoa leseni kwa madaraja, na kwenye ombi la kuunganishiwa umeme tayari kuna sehemu ya mkandarasi. Nani kakagua mwenye nyumba anapobadilisha meni swichi miaka kumi baadaye? Hakuna. Kishoka anakata lakiri leo bila ruhusa ya mtu. Swichi ikiwepo nje, hata yeye hana sababu ya kuigusa lakiri. Na wizi haupo hapo: umeme uliokwishapita kwenye mita umeshahesabiwa.

Msomaji wa Nakuru:
Huku Kenya ni yale yale, token meter na seal ya Kenya Power, na fundi lazima awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya huku. Swali langu ni la pesa. Hiyo swichi atalipa nani? Mkisema mwenye nyumba, landlord wa ploti ya vyumba ishirini hataweka. Atangoja mpaka ichomeke.

Fundi wa Mbagala:
Iingizwe kwenye gharama ya kuunganishiwa kwa wateja wapya. Wa zamani wafungiwe mita yao inapobadilishwa.

Ila kuna kitu wote mmekiruka. Unazima juu, unapiga kufuli, na ndani kuna jenereta au inveta ya sola imechomekwa kwenye soketi kwa waya wenye plagi pande zote mbili. Umeme unakuja kwa nyuma. Swichi ya kutenga ikiwa imezimwa, angalau hautoki kwenda nguzoni kumkuta mtu wa laini anayedhani laini imekufa. Fundi aliye ndani bado haimsaidii. Kwa hiyo mimi kwenye hoja yako naongeza: nyumba yenye jenereta bila chenji ova (swichi ya kuchagua umeme wa TANESCO au wa jenereta, si vyote pamoja) isifungiwe swichi hiyo mpaka chenji ova iwekwe kwanza. Mstaafu, hapo unasemaje?

Mstaafu wa laini:
Hapo nakubali. Hiyo ya skrubu bado.